Watu wa Moshi, wimbo wenu ninao mimi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nina mambo mawili: kumjibu msomaji wako wa Morogoro, na kuwaomba radhi watu wa Moshi. Hilo la pili limechelewa kwa miaka zaidi ya 40.

Msomaji wa Morogoro aliandika Jumamosi iliyopita kwamba amejaribu kutazama picha za zamani za Kihindi zikamshinda. Ndefu mno, anasema, na kila hadithi ikikolea watu wanaanza kuimba. Akashauri vituo vya televisheni vikizirusha viondoe nyimbo, ibaki hadithi tupu, mtu amalize akalale. Hakuandika kwa dharau, na ningekuwa na umri wake huenda ningemuunga mkono. Shida ni kwamba hicho anachokishauri mimi nimekwisha kukifanya. Nilikifanya kwa mkono wangu huu, kwa wembe na gundi, na nilikuwa nalipwa mshahara.

Nilikuwa opereta wa sinema hapa Tanga. Kwa vijana: opereta ni yule mtu wa chumba cha mashine, juu kule nyuma ya balkoni, ambaye hakuna aliyemjua jina, ila picha ikikatika ukumbi mzima ulimtukana yeye na ukoo wake. Jumba lenyewe silitaji. Mwenyewe alishafariki na wanawe ni watu wema. Nilianza kwa kuzungusha mikanda irudi mwanzo, nikapanda mpaka nikakabidhiwa mashine mbili. Mkanda mmoja ulikwenda kama dakika 20 hivi, na ulipokaribia kwisha kilitokea kidoa kidogo kwenye pembe ya juu, kulia. Kidoa cha kwanza, unawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde chache baadaye kidoa cha pili, unahamisha. Ukifanya sawasawa hakuna anayejua. Mpaka leo nikitazama picha ya zamani jicho langu linakimbilia pembeni kutafuta kidoa, na mke wangu ananiuliza natazama nini ukutani.

Sasa basi. Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja likizo na flashi. "Babu, nimekuletea picha zako." Zilikuwa nne: Fist of Fury ya Bruce Lee, ya 1972; The Good, the Bad and the Ugly, ya 1966; Sholay, ya 1975; na moja ambayo sikuwahi hata kuisikia, La Noire de..., ya Msenegali Ousmane Sembène, nayo ya 1966. Tulizitazama kwa usiku nne, sebuleni, mimi, mjukuu na bibi yake.

Ya Bruce Lee ndiyo tuliyoanza nayo kwa kuwa mtoto alitaka ngumi. Sina mengi ya kusema, mguu wa yule bwana haujazeeka. Ila mwisho ulinichekesha peke yangu. Bruce Lee anawarukia askari wenye bunduki, na picha inaganda yeye akiwa hewani, unasikia milio tu. Mwongozaji Lo Wei aliimaliza hivyo kwa makusudi. Lakini ilipoonyeshwa hapa Tanga, ukumbi mzima uligeuka nyuma: "Opereta, mashine imekwama!" Mmoja alipanda ngazi akanigongea mlango. Nikamwambia mashine nzima, steringi amekufa. Akanijibu, "Steringi hafi. Tengeneza mashine yako."

Ile ya makauboi nayo niipitie haraka. Nilikuwa nimesahau kwamba Sergio Leone aliwasimamisha watu watatu makaburini, wakatazamana dakika baada ya dakika bila neno, muziki wa Ennio Morricone ukipanda, na wewe hupepesi. Mjukuu wangu amezoea kurusha picha mbele kwa kidole. Rimoti ilikuwa mapajani mwake na hakuigusa.

Usiku wa tatu tukaweka Sholay.

Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Wengine: wezi wawili, Jai na Veeru, yaani Amitabh Bachchan na Dharmendra, wanakodiwa na afisa wa polisi mstaafu, Thakur, wamkamate jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Thakur ni Sanjeev Kumar. Gabbar ni Amjad Khan, na baada ya picha ile sidhani kama kuna adui mwingine aliyeigwa na watoto wa Ngamiani kama yeye. Mwongozaji ni Ramesh Sippy, na ile milima ya mawe iko Ramanagara, jimbo la Karnataka. Yupo pia Basanti, yaani Hema Malini, dereva wa kigari cha farasi. Kigari hicho kwa Kihindi kinaitwa tanga, na kila alipokitaja, ukumbi wetu ulipiga vifijo kana kwamba Basanti ni mwenyeji wa Chumbageni.

Picha ile ina zaidi ya saa tatu. Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye mashine futi 90 kila dakika. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya futi 16,000, zaidi ya maili tatu za mkanda. Makopo ya bati yalijaa sakafu nzima, nikawa nayaruka kwenda kwenye swichi. Na sisi tulikuwa na maonyesho mawili, saa 12 jioni na saa 3 usiku. Piga hesabu tena. Watu wa saa 3 wamejipanga nje na tiketi zao, walanguzi wamekwisha kula faida, na wale wa saa 12 bado wamo ndani, Gabbar hajashikwa.

Usiku wa kwanza tulimaliza karibu saa 8. Siku ya pili mwenyewe akapanda na daftari. "Toa dakika 40."

Nikakaa chini nikatafuta pa kukata. Ngumi na farasi huwezi kugusa, watu watang'oa viti. Yule bwana jela wa kuchekesha, Asrani, naye huwezi. Wimbo wa Helen kule kambini kwa majambazi, mwenyewe alisema ukiguswa huo atanikata mimi. Wimbo wa pikipiki yenye kigari cha pembeni, Jai na Veeru wanaapiana urafiki, ukumbi ulikuwa unauimba wote bila kujua neno moja la Kihindi, nikauacha. Kilichobaki ni kile ambacho hakikuwa na mtetezi. Nikatoa wimbo wa Veeru akimbembeleza Basanti. Nikatoa mazungumzo ya wazee hapa na pale. Nikatoa wimbo wa Holi, ile sikukuu ya Kihindi ya kurushiana rangi. Na mbele kule, karibu na mwisho, nikatoa kipande kifupi ambacho msichana mmoja anakimbia huku na huku akicheka. Wembe, kwangua, gundi, bana. Gundi ile ina harufu inayopanda kichwani, wenzangu wa kazi wataikumbuka.

Sikiliza nilichokifanya. Kabla ya wimbo wa Holi, Gabbar amekaa juu ya mawe anawauliza watu wake Holi ni lini. Kisha unakuja wimbo: kijiji kizima kinarushiana rangi, wazee kwa watoto. Kisha majambazi wanashuka na bunduki. Mimi niliunganisha swali na bunduki. Kwa hiyo kule ukumbini, ghafla bin vuu, wanakijiji wote wana nyuso nyekundu na kijani na hakuna aliyeona walipopakwa. Jamaa zetu wa Kihindi walielewa, ila walinung'unika. Viti vya mbele wakaanza kuulizana. Mzee mmoja, mtu wa kuheshimika, akawaeleza vijana kwamba zile ni rangi za vita.

Usiku ule sebuleni kwangu ndipo nilipouona tena wimbo wenyewe, mzima. Ni dakika tano na ushee. Ndani yake kuna Radha, mkwe wa Thakur, mjane. Ameigizwa na Jaya Bhaduri. Yeye amesimama mbali na sari nyeupe, maana mjane hachezi rangi, na Jai anamwona. Hawasemi kitu. Hiyo ndiyo mara mtu anapojua kinachoendelea kati ya wawili hawa, na imo katikati ya ngoma na kelele, ukipepesa inakupita. Baadaye kila jioni Radha anazima taa barazani moja moja, Jai yuko chini anapuliza kinanda chake cha mdomo. Hizo taa sikuzikata. Lakini wewe fikiria mtu aliyeona taa bila kuona Holi. Anaona mwanamke anazima taa, basi, labda wanabana matumizi.

Halafu kikaja kile kipande cha msichana anayecheka. Kumbe ni Radha. Ni Radha kabla ya kuolewa, siku ya Holi, mwenye maneno mengi, anapaka watu rangi na hakuna wa kumzuia. Mimi nilikitoa kwa sababu hakikuwa na ngumi wala wimbo.

Mke wangu aliitazama Sholay hapa hapa Tanga, Jumapili moja mchana, onyesho la wanawake watupu. Tulikuwa hatujaoana. Nilimwona kupitia kitundu cha mashine akiingia na dada zake, mabuibui sita kwenye mstari mmoja, na karibu nikose kidoa. Sasa amekaa pembeni yangu, kofia ya mjukuu anayoifuma imesimama mkononi. Akasema, "Kumbe alikuwa anacheka?"

Kimya.

"Miaka yote hii nilidhani yule dada kazaliwa na huzuni."

Mjukuu akauliza, "Bibi, si uliwahi kuiona?" Akasema aliiona, ila hii haikuwemo. Mimi nikanyamaza. Kisha nikamwambia. Hakunisemesha mpaka chai ya asubuhi.

Msomaji wa Morogoro pengine atasema huyo ni mwanamke mmoja na kipande kimoja. Basi nimpe upande wa pili. Jai anakufa. Anakufa darajani baada ya kurusha ile sarafu yake kuamua nani abaki, na Veeru anakuja kugundua kwamba sarafu ile ina sura moja pande zote mbili. Sasa ukumbi wa Tanga, ukumbi wa "steringi hafi", ulilia. Wapagazi wa bandari walilia, niliwasikia mpaka juu kwangu, na mimi nimekwisha kusema walivyokuwa wanapokea kifo cha steringi. Kwa nini hapa hakuna aliyenigongea mlango? Kwa sababu pale Jai anapokata roho unarudi ule wimbo wa pikipiki, taratibu, kama mtu anayeukumbuka. Na wimbo wa pikipiki sikuukata. Kama ningeukata mwanzoni, ule wa mwisho ungekuwa sauti tu inayotoka kusikojulikana.

Niseme pia jambo ambalo nililijua nimekwisha kuzeeka. Hata makopo yale nilipoyapokea, picha ilikuwa imeshapitiwa na mkasi mwingine mkubwa kuliko wangu. India ilitangaza hali ya hatari Juni 1975, na Sholay ikatoka tarehe 15 Agosti mwaka huo huo. Sippy alikuwa amepiga mwisho ambao Thakur, asiye na mikono kwa sababu Gabbar aliikata, anamuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Wakaguzi wakakataa: afisa wa polisi, hata akiwa mstaafu, asijichukulie sheria. Ikabidi upigwe mwisho mwingine, polisi wanatokea dakika ya mwisho wanamsihi Thakur aiachie sheria. Hata wakati ule sisi tulishangaa. Shida yote hii polisi walikuwa wapi? Ukumbi uliwazomea. Mwaka 2025, mwezi Juni, huko Bologna, Italia, Sholay ilionyeshwa ikiwa imesafishwa na ule mwisho wa kwanza umerudishwa. Miaka 50. Nilipoisoma habari hiyo kwenye simu ya mjukuu nilifurahi, kisha nikakumbuka kopo langu, ambalo nalifikia sasa hivi.

Kuhusu wale watafsiri wa vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mitaani, wanaosimulia picha kwa Kiswahili, ambao msomaji wako amewasifu, sina ugomvi nao. Wa kwetu hapa, na DJ Afro kule Kenya, ni watu wenye kipaji, na nimewahi kucheka mpaka nikashika ukuta. Lakini yule anasimulia picha yake, si ile iliyo kwenye kioo. Jambazi wa Kichina anaitwa Mangi na anadaiwa kodi ya chumba. Ni sawa, ni sanaa, maadamu mtazamaji anajua picha yenyewe iko chini yake, nzima, na siku akitaka ataipata. Ninachowaomba wenye televisheni ni kurusha picha ilivyo, na kuweka maandishi ya Kiswahili chini. Watu wakitaka kwenda kupika wakati wa wimbo, waende. Hiyo ni hiari yao.

Ile ya nne, ya Sembène, iliniumiza kwa namna nyingine. Mimi nilipokea makopo ya Bombay, Hong Kong, Italia na Marekani. Kopo la Dakar halikufika mlangoni kwangu hata siku moja. Ni picha nyeusi na nyeupe, na ni kuhusu msichana Diouana, anayechukuliwa kutoka Dakar kwenda Antibes, Ufaransa, akidhani anakwenda kulea watoto, akakuta ni kupika, kusugua na kufungiwa ndani. Mdomoni hana maneno zaidi ya ndiyo bibi na hapana bwana. Maneno yote yako moyoni mwake, tunayasikia sisi tu, tena kwa sauti ya mwanamke mwingine: aliyeigiza ni Mbissine Thérèse Diop, aliyetia sauti ni Toto Bissainthe wa Haiti. Anajiua bafuni. Yule bwana Mfaransa aliyemwajiri anarudisha sanduku la Diouana na kinyago chake kwa mama wa msichana, Dakar, anatoa na hela, mama anazikataa. Mtoto mdogo anavaa kinyago na kumfuata yule bwana njia nzima mpaka kwenye gari lake. Bwana anageuka, anaongeza hatua, mtoto yupo.

Haifiki hata dakika 70. Ndugu yangu wa Morogoro, umetaka fupi, hiyo hapo ni fupi. Itazame saa 3 usiku uone kama utalala.

Sasa Moshi.

Utaratibu ulikuwa kwamba ukikata, vipande unavitunza, na kabla picha haijaondoka unavirudisha vyote mahali pake. Vingine nilivirudisha. Nilikesha nikivirudisha. Asubuhi makopo yakapakiwa kwenye basi, Korogwe, Same, Moshi. Siku ya pili nafagia chumba cha mashine, chini ya benchi nikakuta kopo dogo. Holi. Kwa zile futi 90 kwa dakika, ni karibu futi 500. Ningeweza kwenda posta kupiga simu. Ningeweza kumpa kondakta wa basi lililofuata. Sikufanya, niliogopa kazi yangu, nikajiambia hakuna atakayejua. Na kweli, hakuna aliyejua. Watu wa Moshi, mliotazama Sholay mwishoni mwa miaka ya 1970 mkajiuliza nyuso zile zimepakwa na nani, si nyinyi mliosinzia. Kwa waliotazama baada yenu, huko ulikoelekea mkanda ule, nao nawaomba radhi vile vile.

Kopo bado ninalo. Lilikaa juu ya kabati na vyuma vya cherehani. Baada ya usiku ule wa Sholay nilimwambia mjukuu apande kiti alishushe. Tulipofungua, harufu ya siki ikajaa chumba, maana mkanda wa aina ile ukioza ndivyo unavyonuka. Umejikunja, umejibana, sehemu nyingine haitanduki bila kuvunjika. Kama kuna mtu au ofisi inayotunza vitu hivi na inautaka, Mhariri anajua pa kunipata. Sitaki hela.

Nilikata kipande cha kama shibiri mbili, kile ambacho bado kinanyooka, tukakiinua kwenye balbu. Mikanda ya rangi ya zamani ndivyo inavyokufa: buluu inaondoka, kijani kinaondoka, inabaki nyekundu, nayo inafifia kuwa waridi. Kijiji kizima kimekuwa waridi. Mbingu waridi, ng'ombe waridi, vumbi waridi. Mke wangu akavaa miwani, akakichukua mkononi mwangu, akawa anakisogeza picha moja moja mbele ya taa mpaka akampata Radha amesimama kule mbali peke yake. Na ile sari yake nyeupe, nayo imeshika rangi.

Ni mimi,
Opereta mstaafu (jina limehifadhiwa),
Ngamiani, Tanga.